Askari wa Mwili na Chai ya Bi Saumu

Ninyi mnaosomea kazi ya maabara siku hizi mna bahati ya mashine. Unaweka damu upande mmoja, karatasi inatoka upande wa pili ikiwa na namba zote, na mkono wako bado uko mfukoni. Sisemi kwa wivu, au labda ni wivu kidogo. Mimi nilianza na darubini yenye kioo cha kunasia mwanga wa jua, katika zahanati moja karibu na soko la Kariokor. Siku ya mawingu tuliwaambia wagonjwa warudi kesho, tena bila kuona haya.

Wachache wenu mmekuwa mkinijia nyumbani kuniuliza kazi ilikuwaje zamani. Mnapenda visa vya kuchekesha, na ninavyo vingi. Lakini leo nataka kuwaeleza kosa kubwa kuliko yote niliyofanya, na mwanamke aliyenisaidia kulirekebisha. Hakuwa mtu wa hospitali. Alikuwa muuza chai.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Aliyenifundisha kuhesabu chembe nyeupe za damu ni Mzee Mutisya, mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Unachukua tone la damu, unalichanganya na maji ya dawa yanayopasua chembe nyekundu, kisha unaliweka kwenye kioo chenye miraba midogo na unahesabu zile nyeupe zilizobaki. Mkononi una kidude cha kubonyeza, kila chembe mara moja. Mtu akifungua mlango akakuuliza habari ya asubuhi, unaanza upya. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea Mutisya hesabu kubwa ajabu ya mtu aliyekuja kutolewa mwiba tu. Akachungulia kwenye darubini, halafu akasema kwa upole, "Nafula, umehesabu povu." Miaka mingi baadaye alikuwa bado akiniuliza habari za povu langu.

Hizo chembe nyeupe ndizo tulizoziita askari wa mwili, kwa sababu ndizo zinazopigana na magonjwa. Mgonjwa ukimwambia kinga ya mwili wake imeshuka, anakutazama tu. Ukimwambia askari wamepungua, anaelewa mara moja na anataka kujua wameenda wapi. Wale wenye virusi vya ukimwi tuliwahesabia aina moja ya hao askari, kwa mashine ndogo tuliyoletewa baadaye, ili kuona kama dawa zinafanya kazi.

Sasa, upande wa pili wa barabara kulikuwa na meza ya Bi Saumu. Alizaliwa Majengo, Pumwani, na alikuwa mjane mwenye sauti nzito na vidole vilivyonuka karafuu hata siku za sikukuu. Wateja wake walidhani jina hilo amepewa kwa sababu ya kitunguu saumu alichokuwa akikiponda, na yeye hakujisumbua kuwasahihisha. Chai yake haikuwa na majani ya chai. Ilikuwa tangawizi, mchaichai, mdalasini, karafuu, limau, na siku za baridi hicho kitunguu saumu. Tangawizi aliiponda, hakuikwangua. Mchaichai aliuvunjavunja kwa mkono na kuutia mwishoni, moto ukiwa umeshazimwa, akafunika sufuria na kungoja. Ukiuchemsha sana, alisema, unapata maji ya nyasi. Mimi nilikunywa vikombe viwili kila siku. Nasema wazi kwamba niliipenda, na kupenda kwangu ndiko kulikoniponza.

Miongoni mwa wagonjwa wangu kulikuwa na kijana wa kutoka upande wa kwetu, magharibi. Nitamwita Barasa. Si jina lake. Ameniruhusu kusimulia haya mradi jina lake nisilitaje. Alikuwa anakata matairi ya kutengenezea viatu vya akala pale sokoni, kazi inayotaka mabega, na aliishi mtaa wa Pipeline, katika chumba alichoshiriki na mwenzake mmoja. Alikuwa na virusi, na alikuwa ameanza vidonge karibu mwaka mmoja kabla. Siku hiyo alikuja kuchukua majibu na askari wake walikuwa wamepanda vizuri sana. Nilifurahi. Ilikuwa saa ya chakula, nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi, na kwenye meza yangu kikombe cha Bi Saumu kilikuwa kinapoa.

Barasa akaniambia kwamba na yeye huinywa hiyo chai, kila siku, themosi nzima. Akauliza, akitabasamu, kama si hiyo iliyopandisha askari. Na mimi, badala ya kurudi ndani na kukaa chini, nikacheka nikamwambia, "Endelea nayo tu, inakufaa."

Ni maneno manne tu. Sikuyafikiria tena. Nilienda kula.

Barasa alikosa miadi iliyofuata. Wagonjwa hukosa miadi kwa sababu nyingi, wengine husafiri nyumbani, kwa hiyo sikushtuka. Kisha asubuhi moja, kabla hatujafungua, nikamkuta Bi Saumu amekaa kwenye benchi la wagonjwa. Meza yake kule ng'ambo ilikuwa imefunikwa turubai. Sikuwahi kuiona imefunikwa siku ya kazi. Nilidhani anaumwa, nikamkaribisha ndani.

Akaniambia hakuja kwa ajili yake. Kuna kijana mkata matairi, mteja wake, ambaye wiki kadhaa zilizopita alimshika mikono yote miwili akamshukuru. Alimwambia chai yake imemwokoa, askari wamejaa, na kwa hiyo ameachana na vidonge. Siku ile Bi Saumu alimwambia tu arudi hospitali akaulize. Kijana akamjibu kwamba hospitali wameshasema. Tangu hapo alikuwa ananunua themosi mbili kwa siku badala ya moja, na kila wiki shati lilikuwa linamlegea zaidi mabegani. Sasa alikuwa na kikohozi, na siku tatu hakuonekana sokoni.

"Anasema ni hapa aliambiwa," Bi Saumu alisema. "Nimekuja kumwona huyo mtu aliyemwambia, nimuulize alijuaje."

Katika kazi yetu hatusemi habari za mgonjwa kwa mtu yeyote, na mwanzoni niliufanya mdomo wangu mgumu nikijificha nyuma ya kanuni hiyo. Lakini mbele yangu alikuwa mwanamke aliyefunga biashara yake kuja kuuliza swali ambalo mimi nilipaswa kujiuliza. Kuhusu ugonjwa wa Barasa sikusema neno. Kuhusu mimi mwenyewe nilisema. Nilimwambia ni mimi, na kwamba sikujua. Nilisema tu.

Hakunifokea. Akasema wakata matairi wamemwelekeza anakoishi kijana, tutahitaji kwenda Pipeline, na kama nina viatu vya chini nivivae.

Mnaoishi Pipeline mnajua zile ngazi. Barasa alikuwa ghorofa ya sita, na mchana kweupe tulipanda tukipapasa ukuta. Maji ya nguo zilizoanikwa yalitudondokea kila tulipofika penye uwazi. Bi Saumu alikuwa na themosi kwapani na goti bovu, akapumzika kila ghorofa lakini hakukubali nimpokee mzigo.

Mlango ulifunguliwa na yule mwenzake, mtu mzima aliyekuwa anafanya kazi ya zamu kiwandani. Nyuma yake Barasa alikuwa amelala ubavu chini ya blanketi mbili. Hapo nikakwama. Mwenzake hakujua ugonjwa wa Barasa, na mimi sikuweza kutamka lolote mbele yake. Bi Saumu hakukwama. Alimsalimu yule bwana kwa heshima, akasema sisi ni shangazi zake na tumeletwa na jambo la nyumbani, la ukoo. Kati ya watu wetu jambo la ukoo halisikilizwi na mgeni. Yule bwana alivaa viatu, akatuambia pole, akashuka zake ngazi.

Nikachuchumaa karibu na godoro. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzuri njiani, yote ikapotea. Nilimwambia, "Barasa, nilikwambia chai inakufaa. Nilikosea. Kilichopandisha askari wako ni vile vidonge."

Alinitazama bila kupepesa. "Daktari, wewe ndiye uliniambia," akasema. Mimi si daktari, lakini pale kwetu kila aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari, mpaka aliyepiga deki. Sikuwahi kulisikia jina hilo likiwa zito hivyo. Nilimwambia ndiyo, ni mimi, na ndiyo maana nimekuja mwenyewe.

Alikohoa, kisha polepole akaanza kutueleza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Vile vidonge vilimpa ndoto mbaya, ndoto za kuamka akipiga kelele, na mwenzake akaanza kumtania kwamba amerogwa. Kikopo chake cha vidonge kilikuwa kinalia kama kayamba kila akigusa begi. Alikuwa anakificha kwenye unga, kwenye kiatu, juu ya dirisha. Chai ilikuwa rahisi. Hakuna anayemwuliza mtu kwa nini ana themosi. Nilipomwambia inamfaa, nilimpa ruhusa aliyokuwa akiitafuta kwa miezi.

Wanangu, hilo ndilo nataka mlishike. Mgonjwa huwa hasikii ulichosema tu. Anasikia na kile anachokitamani.

Bi Saumu alimmiminia kikombe, akamshika kichwa akamnywesha. Kisha akamwambia hicho ni cha mwisho kutoka kwake mpaka arudi hospitali. Barasa akasema kwamba wauzaji wa chai wako wengi. Ilikuwa kweli. Pale sokoni kulikuwa na mwingine mwenye kipaza sauti aliyetangaza chai yake inatibu kuanzia kisukari mpaka ugomvi wa ndoa.

"Wako wengi," Bi Saumu akajibu. "Nenda kwao. Lakini mimi sitakuuzia kitu cha kukuzika."

Kisha akasema jambo ambalo mimi na masomo yangu yote nisingelifikiria. Kikopo akiweke kwake, mezani, ndani ya mkebe wa iliki. Jioni akitoka kukata matairi apite, ameze kidonge chake kwa maji, halafu aende nyumbani. Watu wataona mteja amesimama kwenye meza ya chai. Kidonge cha Jumapili, siku ambayo yeye hauzi, atafungiwa kwenye karatasi siku ya Jumamosi. Barasa aligeuka akatazama ukuta, nikaona mabega yake yanatetemeka, na sisi wawili tukajifanya tunatafuta kifuniko cha themosi.

Alikuja zahanati siku iliyofuata, akishikiliwa na Bi Saumu upande mmoja na mkata matairi mwenzake upande wa pili. Alikuwa na kifua kikuu. Askari wake walikuwa wameshuka sana, na niliwahesabu mimi mwenyewe, kwa sababu sikutaka mtu mwingine anihesabie kosa langu. Mwenzangu wa chumba cha dawa aliposikia habari za ndoto alimwelekeza kwa tabibu, akabadilishiwa vidonge, na ndoto zikaisha. Miezi yote ile ilihitaji swali moja la kawaida: dawa unazionaje?

Haikuwa safari fupi. Barasa alikaa muda mrefu bila nguvu ya kushika kisu cha matairi. Lakini kila jioni alipita pale mezani, na Bi Saumu alisimama mbele yake mpaka ameze. Siku moja alimfungulisha mdomo kama mtoto, mbele ya wateja, akisema anamtazama koo.

Kwa Bi Saumu jambo lilikuwa halijaisha. Alirudi kwangu akauliza chai yake inafanya nini hasa. Nikamjibu kwamba inapasha mwili joto, inalainisha koo, tangawizi inatuliza kichefuchefu, na mgonjwa anayekataa maji huikubali. Akasema hayo anayajua, alikuwa anauliza kuhusu askari. Nikamwambia sijui. Akanyoosha kidole. "Basi nipime mimi."

Tukakubaliana. Wiki tatu hatakunywa tone la chai yake mwenyewe, halafu wiki tatu atakunywa kama kawaida, na kila Jumatatu asubuhi nitamhesabia chembe nyeupe. Nilimdunga pembeni mwa kidole, si kwenye ncha, maana pembeni hakuumi sana na yeye alihitaji vidole kuponda tangawizi. Tone la kwanza nalifuta, nachukua la pili. Nilihesabu kwa darubini, kwa mkono, kama alivyonifundisha Mutisya, na mlango nikaufunga kwa ufunguo.

Zilipanda, zikashuka, zikapanda. Wiki moja ziliruka juu kuliko zote, naye akauliza kwa hamu ni wiki gani. Nilipotazama, ilikuwa wiki ya pili bila chai. Akakumbuka kwamba wiki hiyo jino lake lilikuwa limeoza na shavu limevimba. Nikamweleza kwamba ndiyo sababu, askari walikuwa wameitwa kupigana na uchafu wa jino.

"Kwa hiyo wakiwa wengi si lazima uwe mzima," akasema.

Nikamwambia si lazima. Na kwamba damu ya mtu mmoja, wiki sita, haiwezi kutuambia chai inafanya nini, hata kama zingepanda zote. Hupanda kwa ugonjwa, kwa kukimbia ngazi, hata kwa saa ya siku. Nilidhani atavunjika moyo. Niliwahi kukutana na watu wenye shahada ambao jibu kama hilo liliwaudhi. Yeye alifikiri kidogo, akasema kama mimi sijui na yeye hajui, basi atawaambia wateja hivyo.

Na aliwaambia. Kabla ya hapo alileta viungo vyake vyote zahanati akavipanga kwenye meza ya dawa, kimoja kimoja, ili mwenzangu aone kama kuna kinachoweza kugombana na vidonge vya watu. Kulikuwa na mzizi mmoja mchungu ambao wateja waliupenda sana. Aliyemwuzia hakuwahi kumtajia jina la mzizi huo. Tulipomwuliza ni mti gani, hakuweza kusema. Hatukumwambia autupe. Aliukunja kwenye gazeti, akauacha kwenye pipa letu, na kutoka siku hiyo chai yake ikapoteza ule uchungu na wateja kadhaa pia.

Halafu akaagiza kibao. Mchoraji wa vibao alivuka barabara kuja kuniuliza mimi kama Bi Saumu yuko sawa, au kama kuna adui aliyemtuma. Maneno aliyopewa yalikuwa: CHAI YA VIUNGO. INAPASHA JOTO. HAIPONYI. DAWA ZAKO ENDELEA NAZO. Nilimwambia aandike kwa rangi isiyofifia.

Msimu wa barakoa ulipofika, mji mzima ulikuwa unachemsha malimau. Watu walipanga foleni mbele ya ile meza wakitaka kuuziwa kinga. Mwenye kipaza sauti alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bi Saumu aliwauzia chai, kwa sababu ndiyo kazi yake, lakini kila mmoja alimwonyesha kibao, na aliyehema kwa shida hakumpa kikombe, alimvusha barabara. Nilipokea kwa mkono wake wagonjwa ambao wangekwenda nyumbani na tangawizi na kulala. Wengine walinuna. Mmoja alimwambia hajui biashara.

Nimefanya kazi na madaktari hodari na maprofesa waliopita kutukagua. Sijamwona mtu mwingine aliyekuwa na kitu kizuri mkononi, kinachopendwa, kinachoombwa, akakataa kukisifu zaidi ya kilivyo.

Muda ulikwenda. Barasa akarudi kwenye matairi. Vipimo vilibadilika, tukaacha kuhesabu askari mara kwa mara, tukaanza kupima virusi vyenyewe vimebaki kiasi gani, na vyake vikawa haba mpaka mashine haivioni. Akamwambia ukweli yule mwenzake wa chumba, ambaye alisema alikuwa anashuku zamani na kwamba kayamba lile lilikuwa linamkosesha usingizi. Akaoa. Mkewe naye alikuwa na virusi na alikuwa kwenye vidonge. Wakapata mtoto wa kike.

Mtoto kama huyo tunampima mara kadhaa, na kipimo cha mwisho ni akifika mwaka mmoja na nusu. Kiliangukia mwezi wangu wa mwisho kazini. Walikuja watatu, na Bi Saumu wa nne, ingawa hakuna aliyemwita. Nilimpasha mtoto mkono joto kwa viganja vyangu, kwa sababu mkono wa baridi hautoi damu na utalazimika kumdunga mara mbili. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Nikaweka tone kwenye kipimo na kuanza kungoja. Ni dakika chache tu. Barasa alizitumia kusimama dirishani akitazama barabara, na mkewe hakuinua macho kutoka kwenye sakafu. Nilikitazama kile kipimo bila kuzungumza na mtu, na mtu alipogonga mlango sikuitikia.

Ulitokea mstari mmoja tu. Nilingoja mpaka muda ukatimia wote, nikakiinua kwenye mwanga, kisha nikawaambia mtoto hana virusi.

Mkewe alifunika uso kwa leso. Bi Saumu alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo na kukaa chini, kwa sababu ya goti. Barasa alikuja, akamchukua mtoto, akaushika ule mkono mdogo wenye pamba kidoleni na kuutazama kwa muda mrefu, akiugeuza huku na huku kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake na haoni kasoro. Halafu akamwambia mkewe waondoke, mtoto ana njaa.